Kuomba Moto

Emilienne alipanda juu ya kigoda, akanyoosha mkono hadi kwenye uchaga wa jikoni, akashusha kicha cha kwanza cha mpunga wa mbegu. Kabla hakijafika chini alikuwa ameshajua. Kicha kilikuwa chepesi mno. Alikitikisa, na vinondo vidogo vya rangi ya majani makavu vikaruka kutoka katikati ya masuke, vikamgonga usoni, vikaenda kutua ukutani. Alisugua suke moja kati ya viganja, akapuliza. Makapi yakaruka, na kiganjani hakikubaki kitu isipokuwa unga kidogo.

Alishusha kicha cha pili, kisha vyote vilivyobaki, akavilaza sakafuni kwa mpangilio, vichwa upande mmoja, ingawa hakukuwa na haja tena ya kupanga chochote.

"Mama, tunaenda kupanda leo?" Laura aliuliza kutoka nje. Alikuwa akimwogesha mdogo wake, Dady, ambaye alilia kwa sababu ya sabuni.

"Ngoja kwanza."

"Mvua imeshanyesha lakini."

"Nimesema ngoja, Laura."

Mvua ilikuwa imenyesha kweli, ile ya kwanza ya maana, na shamba lilikuwa tayari. Mpunga huo ndio uliokuwa chakula cha nyumba kwa mwaka mzima, na ndio uliolipa shule, chumvi na dawa ya homa. Nyumba haikuwa na mkono mwingine. Raphaël, mumewe, alikuwa upande wa Kabambare akichimba dhahabu, na kila alipopata mahali penye rezo ya simu alipiga kusema kwamba dhahabu iko karibu. Ilikuwa karibu tangu kabla ya mavuno yaliyopita.

Emilienne aliinua macho akautazama uchaga mtupu. Chini yake, pale palipokuwa na mafiga matatu na moto wa magogo uliowaka mchana kutwa, sasa lilikaa jiko jipya la udongo ambalo watu wa Kalonda waliliita fuaye. Lilikuwa na bomba lililotoboa ukuta na kupeleka moshi nje. Lilitumia kuni kidogo, na macho ya Dady yalikuwa yameacha kutoka machozi. Watu wa mradi walikuwa wameyasema hayo yote siku walipokuja, na yote yalikuwa kweli. Walieleza pia kwamba msitu unaisha, mvua zinapotea njia, na kwamba huko ng'ambo kuna watu matajiri wanaotoa pesa kwa ajili ya moshi ambao haukutoka. Wanawake walicheka sana siku hiyo. Kulipwa kwa ajili ya moshi ambao haupo! Lakini walipoahidiwa taa ya jua kwa kila nyumba, na baadaye mashini ya jua ya kukoboa mpunga kwa kijiji chote, waliacha kucheka wakakubali.

Jambo moja tu halikutajwa. Hakuna aliyeuliza juu ya mafiga kulikuwa na nini. Kule juu ndiko mbegu ilikokaa tangu mavuno hadi mvua, ikila moshi kila siku, ikawa nyeusi kama chungu, na mdudu hakuisogelea. Emilienne mwenyewe alikuwa ameyajua hayo tangu utoto. Aliyajua kama mtu anavyojua kupumua, na kwa hiyo hakuwahi kuyafikiria.

* * *

Alivuka ua kwenda kwa Véronique. Nyumba zao zilitenganishwa na migomba michache tu. Walikuwa wameolewa Kalonda mwaka mmoja, wakajifungua mwaka mmoja, Laura huku na Blaise kule, na kwa miaka yote hiyo hapakuwa na asubuhi ambayo mmoja hakwenda kwa mwenzake na kigae cha chungu kilichovunjika kuomba kaa la moto. Aliyeamka na moto uliozimika alikwenda kwa mwenye moto. Alikaa, akapewa habari, akalalamika kuhusu mumewe, ndipo akarudi na kaa lake likiwa karibu kuzimika.

Fuaye haikuacha makaa. Uliiwasha kwa kiberiti na vijiti, ukapika, ikapoa. Kigae cha Emilienne kilikuwa kimechomekwa kwenye ukuta wa jikoni, na buibui alikuwa amekifunga.

"Hodi, Mama Blaise."

Ndani kikasikika kitu kikiburutwa. Véronique akatokea, akauvuta mlango nyuma yake.

"Mama Laura! Umeamuka namna gani?"

"Vibaya. Mbegu yangu imekulwa yote. Niko naomba unikopeshe hata kikapu kimoja. Tukivuna nitakurudishia viwili."

Véronique alifuta mikono kwenye kikwembe alichojifunga kiunoni, akaifuta tena.

"Yangu pia, dada. Iko makapi tu."

"Yote?"

"Yote. Sasa tutafanya nini?"

"Pole," alisema Emilienne, na ilitoka moyoni. Alingoja aambiwe karibu ukae. Hakuambiwa.

Nyumba ya pili walimwambia hivyo hivyo, na ya tatu. Kwa mama Naomie, mjane mzee anayekaa karibu na kisima, mlango haukufunguliwa kabisa.

"Mbegu?" sauti ya mama Naomie ilitoka dirishani. "Unataka kupeleka habari gani tena?"

"Sipeleki habari, mama. Niko natafuta mbegu."

"Haiko. Nenda salama."

Emilienne aliielewa hasira hiyo. Mradi ulikuwa umemchagua kuwa mama wa mfano kwa sababu alimaliza shule ya sekondari na alijua Kifaransa. Kazi yake ilikuwa kupita jikoni kwa watu, na simu aliyopewa na mradi mkononi, na kuangalia nani amerudi kwenye mafiga. Mwezi wa kwanza alimkuta mama Naomie anapika kwa mafiga. Alimwambia Fabrice, ajenti wa mradi, kwa sababu mtu mmoja akiharibu, kijiji chote kinaharibikiwa. Fabrice akachukua taa ya bibi yule mbele ya watu. Emilienne aliona ni vigumu lakini ni haki. Tangu hapo hakumkuta tena mtu mwingine na mafiga, akajisifu kwamba kazi yake imefanyika.

Aliporudi nyumbani jua lilikuwa limepanda, naye aliamini kwamba Kalonda nzima imepoteza mbegu. Na aliyelileta jiko lile katika kila nyumba, kwa maneno matamu na kuchora kwenye vumbi kwa kijiti, alikuwa yeye.

* * *

Kesho yake alipanda pikipiki kwenda Kasongo. Sokoni alitafuta mpunga wenye maganda, akakuta mchele mtupu, magunia meupe yenye picha ya ua na maandishi ambayo hayakuwa Kiswahili wala Kifaransa. Mwenye magunia alikuwa Byamungu, mfanyabiashara kutoka Bukavu aliyewafuata wachimba dhahabu na kubaki.

"Mchele huu unaota?" Emilienne aliuliza, kwa kukata tamaa tu.

"Unaota kwa sufuria, mama."

Wauzaji wa jirani wakacheka. Byamungu alipoona uso wake akajirekebisha.

"Samahani, mama yangu. Huu umekobolewa, umepanda meli, umepita Kalemie, umechoka. Ukiufukia utakuwa umewapikia panya. Zamani nilinunua mpunga wenu huko Kalonda, mpunga mutamu. Lakini ile barabara inakula lori. Huu wa mbali unanifikia rahisi kuliko wenu."

"Hakuna mutu anauza wa mbegu?"

"Saa hii? Mwenye mbegu saa hii iko nayo shambani."

Alimwonjesha karanga, bure, na hiyo ilimuuma zaidi kuliko kicheko.

Ofisi ya mradi ilikuwa chumba kimoja chenye kiyoyozi kisichofanya kazi. Fabrice alisimama kumpokea. Alikuwa kijana nadhifu, viatu vyake havikuwa na tope hata katika msimu ule.

"Mama modèle! Karibu, karibu. Namba za Kalonda ni nzuri sana, wakubwa wamefurahi."

"Monsieur Fabrice, mbegu zimekulwa. Za kijiji kizima. Tunaomba mutusaidie mbegu mbele ya mvua kupita."

Fabrice alikunja uso kwa huruma. "Lakini sisi ni majiko, mama. Mbegu ni mradi mwingine."

"Huo mradi mwingine uko wapi?"

"Ulifungwa mwaka jana."

Emilienne akaanza kugeuka aondoke.

"Usivunjike moyo," aliendelea Fabrice. "Alhamisi ninakuja kusoma vile visanduku vya kwenye majiko. Kama matokeo ni haya haya, mashini ya kukoboa mpunga ni yenu."

"Kukoboa mpunga gani, monsieur Fabrice?"

Fabrice alicheka. Alidhani ni mzaha.

* * *

Pikipiki ilimwacha njia panda kwa sababu tope lilikuwa limezidi, akamalizia kwa miguu akipita pembezoni mwa mashamba. Alisikia sauti kwanza. Wanawake walikuwa wakiimba ule wimbo wa kupandia, mmoja anatoboa ardhi, mwingine anadondosha, wa tatu anafukia kwa unyayo. Walikuwa katika shamba la Véronique, mstari mzima wa migongo. Ilikuwa kazi ya zamu, leo kwako kesho kwangu, na kila mwaka Emilienne alikuwa ameitwa. Mwaka huu hakuitwa.

Kisha upepo ukamletea harufu ya moshi wa zamani, ule unaoganda kwenye nyasi za paa. Vikapu vilikuwa vimewekwa kando ya shamba, na ndani yake mpunga mweusi, mzito, kila punje imejaa.

Wimbo ulikatika. Véronique akajinyoosha, mkono mmoja kiunoni.

"Mama Laura."

"Mama Blaise." Emilienne aliinama akachota kutoka kikapuni. "Uliniambia makapi tu. Hii ni makapi?"

"Rudisha, utaimwaga."

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Nikuambie nawasha mafiga, halafu nikae kungojea Fabrice aje kubeba taa yangu kama alivyobeba ya mama Naomie?"

"Ile ilikuwa mambo ingine."

"Ingine namna gani? Mama Naomie alikulilia mbele ya watu. Ulimujibu nini? 'Mradi ni mradi, mama.' Tulisikia wote."

Mama Naomie hakuinua kichwa. Aliendelea kufukia mbegu kwa unyayo wake mkavu. "Mimi nimeshazoea giza," alisema. "Endeleeni."

"Lakini visanduku," alisema Emilienne. "Kila fuaye ina kisanduku kinachosikia moto. Kingeonyesha hamupiki."

Wanawake wakatazamana, na mmoja wao akashindwa kujizuia.

"Tunakiwashia vijiti, mama modèle. Asubuhi kidogo, mchana kidogo, magharibi kidogo. Kishibe kinyamaze. Halafu tunaenda kwa kibanda cha nyuma ya nyumba kupika chakula cha watu, mbegu ikiwa juu."

Kicheko kilipita mstari wote. Emilienne alifikiria kuni zote hizo, moto wa kupikia na moto wa kulisha kisanduku, kila nyumba mioto miwili pale palipokuwa mmoja. Angekuwa mtu mwingine angecheka nao.

"Kwa hiyo mulijua wote," alisema. "Wewe, Mama Blaise, ulipita jikoni kwangu. Uliona uchaga wangu hauna moshi."

"Nilikuwa naona."

"Kila ukipita."

"Kila nikipita."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza." Sauti ya Véronique ilishuka. "Unafikiri haikuniuma? Lakini saa unaingia kwangu na ile simu ya mradi, unachungulia nyuma ya mlango, sikujua ni nani ameingia."

Emilienne alimwaga punje zile kikapuni, kwa uangalifu, hata moja isianguke.

"Basi nikopesheni sasa," alisema. "Watoto wangu watakula nini?"

"Na Alhamisi Fabrice akikuuliza," Véronique alisema taratibu, "utamwambia nini?"

Emilienne hakuwa mtu wa kusema uongo haraka. Alifikiri. Kufikiri huko ndiko kulikomponza, kwa sababu kila mwanamke pale alimwona akifikiri. Migongo ikainama mmoja baada ya mwingine.

"Apande fuaye yake," mtu alisema mwishoni mwa mstari, "tuone kama itaota."

* * *

Siku iliyofuata Raphaël alipiga simu. Emilienne alipanda juu ya kichuguu nyuma ya shule, mahali pekee ambapo sauti ilishika.

"Mumepanda?" Raphaël aliuliza. Nyuma yake watu walikuwa wakipiga mawe.

"Mbegu imekulwa na wadudu."

"Namna gani? Haukuiweka juu ya moto?"

"Juu ya fuaye."

"Si uombe kwa Mama Blaise."

"Nimeomba."

"Basi nunua kidogo kidogo, mimi huku dhahabu iko kari..." na simu ikakatika. Emilienne alibaki ameishika sikioni. Alikuwa na mengi ya kumwambia, na alipoitazama skrini iliyozimika aliona ni afadhali. Angeanzia wapi? Mtu anamwelezaje mumewe kwamba kijiji kizima kinamsalimia na hakuna anayezungumza naye?

Jioni alipika sombe, majani ya muhogo, kwenye fuaye. Jiko lilifanya kazi yake vizuri, bila moshi, bila kelele. Kwa jirani vijiti viliwaka kidogo katika fuaye, vikazima. Kisha moshi mzito ukapanda nyuma ya nyumba, na sauti za wanawake zikaja na moshi huo, zikicheka kuhusu jambo asilolijua. Alijiuliza ni miezi mingapi amekaa akisikia sauti hizo na kudhani ni za wapita njia.

* * *

Alhamisi Fabrice alifika na pikipiki ya mradi, akakusanya wanawake chini ya paa la kanisa. Kabla ya hapo alikuwa amepita jikoni kwao akisogeza simu yake karibu na kila kisanduku hadi ikalia. Sasa alisimama mbele yao akitabasamu.

"Mama Véronique, pongezi. Moto mara tatu kwa siku, bila kukosa. Mama Naomie, hata wewe! Pongezi. Tutaona habari ya kukurudishia taa." Wanawake walipiga makofi, macho chini. Fabrice alitazama simu yake tena. "Sasa kuna jambo la kunishangaza. Wa mwisho katika kijiji chote ni mama modèle mwenyewe."

Kicheko kidogo, kilichomezwa.

"Mama Emilienne, moto mara moja kwa siku? Wewe unapikia wapi?"

"Napikia hapo hapo. Niko na watoto wawili na sina chakula cha kupika mara tatu."

"Ulitakiwa uwe mfano, mama."

Emilienne alisimama. Alikuwa amekuja na ungo uliofunikwa kwa kitambaa. Alikifunua, akauweka mbele ya viatu vile visafi. Vinondo viwili vikaruka.

"Hii njo mbegu yangu, monsieur Fabrice. Jiko lenu ni zuri, sitalisema vibaya. Lakini huku kwetu mbegu inakaa juu ya moto. Moshi njo unailinda. Mulipotoa moshi, mulifikiri wadudu wataenda wapi?"

Fabrice aliutazama ungo. Alikuwa kijana asiye na ubaya. Aliinama, akagusa makapi kwa kidole, na kwa mara ya kwanza tangu aje Kalonda uso wake ulionyesha kwamba kuna kitu hakijui.

"Lakini ulinieleza kwamba mbegu zimekulwa kijiji kizima," alisema. "Nikija leo nimeona mashamba yamepandwa. Na hawa wote wana majiko." Aligeuka. "Mama Véronique. Mbegu yako ilikulwa?"

Véronique alifungua mdomo. Akisema ndiyo, shamba lake lilikuwa pale nje, linaonekana. Akisema hapana, swali la pili, aliitunzaje bila moshi, lilikuwa limeshakaa mdomoni mwa Fabrice. Mikono yake ilianza kufuta kikwembe. Alimtazama Emilienne, na mstari mzima wa wanawake ukamtazama Emilienne, na mama Naomie akamtazama kwa macho makavu ya mtu anayejua kitakachofuata.

"Nilikosea," alisema Emilienne. "Nilisema kijiji kizima kwa sababu nilikuwa na aibu. Wenzangu walijua kutunza mbegu zao. Mimi sikujua."

"Kwa hiyo tatizo ni lako."

"Ni langu peke yangu."

"Wengine wote wanaweza, wewe peke yako unashindwa?"

"Mimi peke yangu. Na leo ninarudisha mafiga yangu, nakuambia mbele ya watu, usije ukasikia kwa mutu mwingine."

Alingoja. Alikuwa ametumaini, ingawa baadaye hakutaka kukiri hata kwake mwenyewe, kwamba mmoja wao atakohoa, atasema, monsieur, mama huyu anasema kweli, hata mimi. Kuku alipita kanisani akidonoa.

Fabrice alifuata utaratibu kwa upole, na upole huo haukusaidia. Alikwenda nyumbani kwake akafungua kisanduku kutoka kwenye jiko. Alibandua mlangoni picha ya mti wa kijani, alama ya nyumba za mradi, ikatoka na kipande cha rangi. Taa ya jua Laura aliileta mwenyewe. Aliifuta vumbi kwa gauni lake kwanza, akaikabidhi kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, ndipo akaingia ndani.

"Monsieur Fabrice," Emilienne alisema, kijana alipokuwa anawasha pikipiki. "Waambie wale wanaolipa. Ule moshi wanaoulipia usitoke, ulikuwa na kazi."

"Nitalifikisha, mama." Akavaa kofia yake. "Lakini hakuna mwingine aliyelalamika, unaelewa?"

"Ninaelewa."

* * *

Mafiga aliyakuta mahali alipoyatupa. Moja lilikuwa migombani, jingine linafungiwa mbuzi. La tatu Dady alikuwa analikalia. Aliyapanga nyuma ya nyumba kwanza, akayaondoa, akayapanga jikoni, chini ya uchaga, kando ya fuaye. Hakulivunja jiko. Lingemfaa kwa chai.

Moto ulikataa, kisha ukashika. Moshi ukajaa chumba, Dady akaanza kukohoa na kusugua macho, na Laura akamtoa nje bila neno. Emilienne alibaki akipuliza. Moshi ulipanda hadi kwenye uchaga mtupu, ukazunguka pale ukitafuta kitu cha kulinda, ukatoka kupitia nyasi za paa. Kijiji kizima kiliuona. Hakuna aliyekuja. Kisimani jioni ile wanawake walimpisha achote maji kwanza, kama mtu aliyefiwa, na hakuna aliyemwuliza chochote.

Asubuhi aliamka mapema kutengeneza moto. Magogo yalikuwa yameiva, makaa mekundu chini ya majivu, ya kutosha nyumba mbili. Aliyatazama. Shamba lilikuwa pale, limelowa, tayari, na mvua haikuwa na habari ya mtu asiye na mbegu. Alifikiria kwenda kwa dada yake kule kijiji cha Nyangwe, aombe huko, hata kama angefika mvua ikiwa nusu.

"Hodi."

Hakuitikia mara moja. Alidhani ni kwa jirani.

"Hodi, Mama Laura. Umelala?"

Véronique alikuwa mlangoni, amejifunga kikwembe kile kile, kikapu kichwani, na mkononi kigae cha chungu. Alishusha kikapu kando ya mlango. Kilikuwa kimefunikwa kwa majani ya mgomba, na chini ya majani harufu ilijulikana. Hakukitaja, wala Emilienne hakukitazama mara mbili.

"Karibu," alisema Emilienne.

Véronique aliingia, akajitafutia kigoda, akakaa mahali pake pa zamani, upande ambao moshi hauendi. Alikohoa. Alitazama ule mraba mlangoni ambapo rangi ilikuwa imebanduka.

"Leo tunapanda kwako," alisema. "Mama Naomie anasema asubuhi hii, mbele ya jua kupanda. Wengine sijui kama watakuja. Wawili watatu watakuja."

"Sawa."

"Mimi nimekuja kuomba moto. Wangu umezimika."

Alinyoosha kigae. Nyuma ya bega lake, juu ya migomba, moshi wa jiko lake mwenyewe ulikuwa unapanda, mnene na mweupe, wa moto uliowashwa muda mrefu. Emilienne aliuona. Alichukua kijiti, akayapekua majivu, akachagua kaa kubwa kuliko yote, akaliweka katikati ya kigae.

"Kaa kwanza," alisema. "Halitazimika."